Lithiamu na dawa ya mgongo

SWALI: Mume wangu ana baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, na dawa ya lithiamu imemtuliza kwa miaka mitatu. Wiki iliyopita mgongo ulimbana, akanunua diklofenaki duka la dawa. Sasa anaharisha, anatembea akiyumba, na mikono inatetemeka hadi kikombe cha chai hakishikiki. Nimwachishe lithiamu?
Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Mama Zuhura, mpeleke hospitali leo hii, usingoje siku ya kliniki. Dozi ya lithiamu inayofuata asiimeze mpaka daktari amwone, na diklofenaki aiache kabisa. Beba pakiti za dawa zote. Ukifika mapokezi, sema kwanza kwamba anatumia lithiamu na alimeza mara ya mwisho saa ngapi, kisha uombe apimwe kiwango chake kwenye damu pamoja na figo. Usiposema, kuharisha kutachukuliwa kuwa ni tumbo tu.

Vidole kutetemeka kidogo ni kawaida kwa watumiaji wengi. Kutetemeka kwa nguvu, kuharisha, kutapika, kuyumba na ulimi kuwa mzito ni dalili kwamba lithiamu imezidi. Kiwango cha kumtunza mgonjwa aliyetulia huwa 0.6 hadi 0.8 milimoli kwa lita, kikifika 1.5 tayari ni hatari, na wengine hudhurika hata kabla ya hapo. Lithiamu hutolewa na figo, nazo huishughulikia kama chumvi. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, lithiamu ikarundikana. Dawa za presha kama enalaprili na losatani, na vidonge vya presha vya kukojoza, huleta shida hiyohiyo. Vivyo hivyo kutokwa jasho jingi bila kunywa maji, au kuacha chumvi ghafla. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo salama kwake. Akitaka kufunga Ramadhani, azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Leo apimwe papo hapo. Kwa vipimo vya kawaida, damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na dozi ya asubuhi isubiri. Ikitolewa mapema, namba hupanda na dawa hupunguzwa bure. Kiwango hupimwa wiki moja baada ya kubadilishiwa dozi, kisha kila miezi mitatu. Figo na tezi ya shingo kila miezi sita.

Kumwachisha moja kwa moja usiamue mwenyewe: lithiamu ikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Daktari ndiye atakayesema lini aanze tena, na kwa dozi gani.