Je, mtoto anaweza kuwekewa chipu mwilini ili asipotee?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina binti wa miaka saba, yuko darasa la pili, na husafiri kwa gari la shule kutoka Pasua. Mwezi uliopita mtoto wa jirani alishushwa kituo kisicho chake, akatafutwa tangu saa tisa alasiri hadi usiku, akapatikana kwa mama muuza mboga aliyekuwa amemhifadhi. Tangu siku hiyo sina amani. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi kuna mtu anayesema anaweza kumwekea mtoto chipu ndogo kama punje ya mchele chini ya ngozi ya mkono, na mzazi akamwona kwenye simu popote alipo, kwa shilingi laki tatu na nusu, bila kuchaji na bila malipo ya kila mwezi. Je, ni kweli? Na haina madhara? – Mama Neema, Moshi.

JIBU: Mama Neema, pole kwa hofu hiyo. Laki tatu na nusu yako usiitoe. Chipu ya ukubwa wa punje ya mchele ipo, na chini ya ngozi inawekwa kweli, ila kazi yake si hiyo uliyoelezwa, na huyo anayeiuza ama haielewi ama anajua fika anachokifanya.

Nimewahi kuishika mkononi. Ni kidonge cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2, na ukikiinua kwenye mwanga unaona ndani yake waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye kijiti cheusi, na pembeni nukta ya saketi yenyewe. Betri hamna, na hapo ndipo maneno ya "bila kuchaji" yalipotoka. Kifaa cha kusomea ndicho kinachoipa uhai: kikisogezwa karibu, usumaku wake huzalisha umeme kidogo kwenye ule waya, chipu huamka, hutaja namba yake, kisha hulala tena. Kwa chipu za wanyama namba hiyo huwa na tarakimu 15, na umbali wa kuisoma ni wa sentimita chache tu. Jina la mwenye mnyama na simu yake havimo ndani ya chipu, bali vimo kwenye daftari la kompyuta mahali pengine.

Daktari mmoja wa mifugo hapa Arusha, ambaye huwaandaa mbwa wa wageni wanaohamia Ulaya, kwa kuwa huko mbwa haingii bila chipu, aliwahi kuniita nikague kifaa chake cha kusomea akidhani kimeharibika. Kilikuwa kizima. Chipu ndiyo iliyokuwa imehama kutoka katikati ya mabega ikateremka kuelekea mguu wa mbele, na ilitubidi kupitisha kile kifaa mwili mzima, kikigusa manyoya, hadi kikatoa mlio. Mbwa alikuwa amelala mezani mbele yetu, na bado tuliitafuta chipu yake kwa robo saa. Sasa fikiria mtoto aliyeko Kiboriloni wakati wewe na simu yako mko Pasua.

Kinachotafuta mtu au gari ni kifaa cha aina nyingine kabisa, na mimi kazi yangu ya kila siku ni kukifunga kwenye magari ya watalii. Watu wengi hudhani GPS ni setilaiti inayolitazama gari kutoka juu. Setilaiti hazimtazami mtu. Ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, zinatangaza muda na mahali zilipo, na kifaa kilicho chini husikiliza angalau nne kati yake kisha chenyewe kikapiga hesabu ya mahali kilipo. Wakati huo wewe mzazi hujapata habari yoyote, kwa sababu kifaa kimesikia tu, hakijasema. Ili kikwambie, lazima kiwe na laini ya simu kama ya simu yako, kiwe na bando, na kipige kelele hadi kufika kwenye mnara wa mtandao. Kelele hiyo ndiyo inayokula umeme. Kwenye gari tunaiba umeme kidogo wa betri ya gari na mambo yanakwenda, lakini kile kidogo cha kubeba mfukoni, chenye ukubwa wa kiberiti, nusu nzima ya ndani yake ni betri, na ukikiagiza kitume taarifa kila baada ya dakika tano utakichaji baada ya siku mbili au tatu.

Ongeza na mwili wenyewe. Mwili una maji mengi, na maji hayapatani na mawimbi ya setilaiti, ambayo yakifika huku chini yamekwisha kuwa hafifu mno. Siku moja, kumridhisha kijana ninayemfundisha kazi, tulikizungushia kifaa kizima nyama ya ng'ombe ya kilo moja na nusu juu ya paa la gari, mchana kweupe. Kabla ya hapo kilikuwa kinasikia setilaiti tisa. Zilipungua moja moja hadi kikapoteza mahali kilipo. (Nyama tuliila, kifaa kilinuka wiki nzima.)

Mtu anaweza kuuliza mbona mashine ya kusaidia mapigo ya moyo hukaa kifuani miaka kumi na betri yake. Ni kweli, lakini ile haipigi kelele kwenda kwenye mnara ulio kilomita tatu, na bado ina ukubwa wa sarafu kubwa nene na huwekwa kwa upasuaji. Watafiti wanaofuatilia tembo wa Tarangire nao wangefurahi sana kupata kifaa cha kuchoma sindano. Wanachotumia ni kola ya shingoni yenye uzito wa kilo kadhaa, kwa sababu betri na antena hazina pa kujificha.

Kuhusu madhara, chipu ya namna hiyo ya kuwekwa kwa binadamu iliwahi kuruhusiwa Marekani mwaka 2004, nayo haikuwa ya kutafuta watu bali ya kumwezesha daktari kupata rekodi za mgonjwa asiyeweza kujieleza. Mamlaka ya dawa ya huko iliiruhusu huku ikitaja hatari zake: mwili kuikataa, kuhama mahali ilipowekwa, siri za mgonjwa kuvuja, na matatizo mgonjwa anapoingizwa kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Mwaka 2010 iliacha kuuzwa. Huyo wa kwenye kundi lenu, kama kweli ana chipu na sindano, basi karibu hakika ni za mifugo au za mbwa, na mtu asiye daktari kumchoma mtoto kitu cha namna hiyo ni suala la kupeleka polisi, wala si la kujadili bei.

Sasa, kinachofaa. Kipo cha kuvaa, yaani saa ya mkononi ya watoto yenye laini na GPS, na sina ubaya nayo, ila nina onyo. Mwaka 2017 shirika la kutetea walaji la Norwei lilizichunguza saa hizo likakuta baadhi yake mtu baki angeweza kuziingilia, akaona mtoto alipo na hata kuzungumza naye. Mwaka huohuo Ujerumani ikapiga marufuku zile zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri mazungumzo yaliyo karibu na mtoto. Kwa hiyo neno la siri linalokuja nayo dukani, ambalo mara nyingi ni 123456, libadilishe siku ileile. Uliza pia taarifa za mtoto zinahifadhiwa na nani, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Hili ndilo ambalo wauzaji wengi hawajui kulijibu.

Lakini nirudi kwenye kisa chako chenyewe, kwa sababu ndani yake jibu limo. Yule mtoto hakuibwa. Alishushwa pasipo pake na mtu mzima ambaye hakuwa na orodha mkononi. Ningekuwa mimi, ningeanza na shule: gari lifungwe GPS kama mabasi ya mikoani yanavyofungwa mfumo wa kuyafuatilia wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na matroni awe na daftari la nani kapanda, nani kashuka, wapi, na kapokewa na nani. Neema naye ajue jina lako kamili, si "mama" tu, na namba yako ya simu kwa kichwa. Mshonee namba hiyo ndani ya ukosi wa sare, mahali asipopaona mpita njia. Muuza mboga angekupigia saa tisa na nusu. Mtoto akichelewa, mwenyekiti wa mtaa na polisi waambiwe mara moja, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Ukiamua kununua saa, usimvalishe kwanza. Ivae wewe, panda gari la shule kutoka Pasua hadi shuleni na kurudi, huku baba yake akiangalia kwenye simu, na aandike kila mahali ilipokaa kimya na kwa dakika ngapi.