Hanesi hupimwa kifuani, si kwenye mizani

Mwezi uliopita niliandika kwamba mnyororo wa shingoni si kifaa cha kumtembezea mbwa. Karibu maswali yote yaliyofuata yalihusu hanesi, ile mikanda inayomzunguka mbwa kifuani na mbavuni badala ya kumkaba shingo. Nimechagua haya.

Daktari, nina chotara wa German Shepherd, kilo 28. Muuzaji aliniuliza uzito tu, akanipa saizi L. Sasa mbwa amechubuka makwapani na manyoya yanatoka. Nilegeze mikanda? – Msomaji, Kimara, Dar es Salaam

Usilegeze. Mvue, ngozi ipone kwanza, halafu tafuta futi ya fundi cherehani. Kilo hazisemi lolote kuhusu umbo. Mbwa mwenye kifua kama pipa na chotara wako mrefu mwembamba wanaweza kulingana kabisa kwenye mizani, na bado hanesi ya mmoja isimfae mwenzake. Isitoshe, L ya kampuni moja ni M ya nyingine.

Mpime akiwa amesimama, maana akikaa vipimo vinabadilika. Anza na mzingo wa kifua mahali palipo papana zaidi, nyuma ya miguu ya mbele. Kisha pima shina la shingo, pale shingo inapokutana na mabega, chini kuliko kola inapokaa. Kipimo cha tatu wauzaji hawakiulizi kabisa: urefu wa kidari, kuanzia ncha ya mfupa wa kifua chini ya shingo, kupita katikati ya miguu ya mbele, hadi nyuma kidogo ya makwapa. Hapo ndipo penye tatizo lako. Mkanda wa kidarini ni mfupi, kwa hiyo unauvuta ule wa mbavuni mpaka unaingia kwapani. Ukilegeza, utasugua eneo kubwa zaidi. Kwa mbwa wa kimo hicho, napenda kuona nafasi ya vidole vitatu hivi kati ya kwapa na mkanda.

Ukimvisha mpya, pitisha vidole viwili bapa chini ya kila mkanda. Vikikataa kupita, imebana. Ngumi ikipita, imelegea. Kisha mwombe mtu amtembeze, wewe umtazame kwa ubavuni. Mkanda wa mbele ulale juu ya mfupa wa kifua, usipande kooni. Mimi huchagua zenye umbo la Y kwa mbele kuliko zile zenye mkanda uliokatiza mabega kutoka upande hadi upande. Lakini boksi likikuambia kwamba ya Y haizuii bega hata kidogo, usiamini moja kwa moja. Watafiti waliopima mwendo wa mbwa waliovaa hanesi waliona hata hiyo hupunguza kiasi jinsi bega linavyonyooka. Hatua ya mguu wa mbele ikifupika baada ya kumvisha, irudishe dukani.

Sasa daktari, Japanese Spitz wangu anakohoa kila akivuta kamba. Kola yake ni laini kabisa. Nibadilishe? – Msomaji, South B, Nairobi

Badilisha leo, halafu mpeleke akapimwe wiki hii. Kwa mbwa wadogo, pete za gegedu zinazoliweka wazi koo la hewa huweza kulegea, na hapo kola yoyote, iwe laini au ngumu, huchokoza kikohozi. Pomeranian na Yorkshire Terrier wanajulikana sana kwa ugonjwa huo. Lakini kikohozi kinaweza pia kutoka kwenye moyo au kuwa cha kuambukiza, na hanesi haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Kuna pia suala la macho: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbwa akivuta kwa kola, presha ndani ya jicho hupanda, na akivuta kwa hanesi haipandi hivyo.

Spitz ana manyoya mengi kuliko mwili. Mpime siku ya kuoga, akiwa ameloa, la sivyo utanunua hanesi ya manyoya. Kola usiitupe, iache ikiwa imelegea, ibebe kibati chenye namba yako ya simu.

Nilinunua hanesi ili mbwa aache kuvuta. Sasa ananiburuta barabarani watoto wa jirani wakicheka. – Msomaji, Thika

Pole, mama, lakini wanaocheka wana haki kidogo. Kwenye mashindano ya Iditarod huko Alaska, yanayofanyika tangu 1973, mbwa hukokota sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, kwa takriban kilomita 1,600, na wanachovaa ni hanesi. Ukifunga kamba kwenye pete ya mgongoni, umempa mbwa nafasi ya kuvuta kwa kifua kizima bila maumivu.

Tafuta yenye pete ya pili mbele ya kifua. Kamba ikifungwa hapo, akivuta anageuzwa kukuelekea. Ila hanesi iliyolegea ikivutwa kutoka mbele hupinda na kuingia kwapani, kwa hiyo vipimo viwe sahihi zaidi. Na mfunze: kamba ikikaza, simama, ikilegea, endelea. Siku za kwanza mtachukua nusu saa kufika dukani.

Nafanya kazi Muscat. Mwajiri wangu ana saluki na mimi ndiye ninayemtembeza jioni. Mara mbili amerudi kinyumenyume akachopoka kwenye hanesi. Nikimpoteza mbwa huyu, nimekwisha. – Msomaji, Oman

Naelewa hofu yako, ndugu yangu. Saluki ni mbwa wa mbio, akishaachiwa hakuna binadamu wa kumfikia. Umbo lake ndilo linalokuponza: kifua kirefu kwenda chini, kiuno chembamba, kichwa chembamba. Akirudi nyuma, mabega yanakunjamana na hanesi ya kawaida inapita juu ya kichwa. Kukaza zaidi hakusaidii, kutamchubua tu, maana ngozi yake ni nyembamba.

Mwombe mwajiri anunue hanesi yenye mkanda wa tatu, unaofungwa nyuma ya mbavu mwanzoni mwa kiuno. Pale kiunoni ni pembamba kuliko mbavu, hivyo akirudi nyuma mkanda huo unagota mbavuni. Mpaka ifike, mvalishe pia kola pana na utumie kamba yenye kulabu mbili, moja kwenye hanesi na nyingine kwenye kola. Na akianza kurudi nyuma usivutane naye. Msogelee, kamba ilegee. Kuvutana ndiko kunakomsaidia kuchopoka.

Shikamoo daktari. Hanesi za dukani ni ghali. Fundi viatu wetu anashona mabegi vizuri, je, anaweza kunishonea? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Anaweza, na nimeona za mafundi zinazowashinda wenye maduka, kwa sababu fundi anampima mbwa mwenyewe. Mpelekee vipimo vitatu nilivyomweleza msomaji wa Kimara, au bora mpeleke mbwa.

Mkanda uwe wa nailoni kama ule wa begi la shule, upana wa sentimita mbili na nusu kwa mbwa wa wastani. Kamba ya katani, ingawa mko nayo kwa wingi Tanga, usiitumie, inakwaruza. Uzi uwe wa nailoni au poliesta, si wa pamba, maana uzi wa pamba ukiloa na kukauka kila siku huoza. Kila maungio yashonwe mraba, kisha msalaba ndani ya mraba. Mshono mmoja wa kukatiza utafumuka siku mbwa atakapoona paka.

Kagua pete kwa kucha. Ukihisi ufa pale ncha mbili zinapokutana, ni waya uliokunjwa tu na utafunguka ukivutwa, kwa hiyo chagua pete iliyochomelewa. Pwani chumvi hula chuma haraka, kwa hiyo kama mnatembea ufukweni lipa zaidi upate chuma kisichoshika kutu, na suuza hanesi kwa maji baridi yasiyo na chumvi mkirudi. Kabla ya kumvisha mbwa, funga hanesi kwenye nguzo uivute kwa uzito wako wote. Fundi asikasirike, mwambie ni amri yangu.

Mtoto wa Boerboel wa miezi mitatu: ninunue kubwa akue nayo? – Msomaji, Arusha

Hapana. Iliyolegea atachopoka, au atainasa mguu. Nunua ya bei nafuu yenye mikanda ya kurekebisha, ikague kila wiki, na uweke akiba ya nyingine. Boerboel ni mbwa mkubwa, anaweza kuendelea kukua hadi baada ya mwaka mmoja na nusu.

Je, alale nayo? Inanisumbua kumvisha kila asubuhi. – Msomaji, Machakos

Mvue mkifika nyumbani. Akiruka ua usiku mkanda unaweza kunasa. Na kwetu huku kuna kupe: wanapenda makwapa, na chini ya mkanda hutawaona mpaka mbwa apate homa. Ukimvua, pitisha vidole kwapani na nyuma ya masikio.