Gurudumu Lililogoma Kuzunguka

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba ameweka dirisha la kusubiri katika programu yake, lenye picha ya GIF ya gurudumu linalozunguka, lakini kazi ikianza tu gurudumu huganda. Nilicheka kwa uchungu, kwa kuwa gurudumu la namna hiyo liliwahi kuninyima mteja.

Nilikuwa nimemwandikia mwenye duka la vifaa vya ujenzi programu ya mauzo kwa lugha ya C# na Windows Forms, zana ya kutengeneza madirisha ya programu za Windows. Kufunga hesabu za mwezi kulichukua karibu dakika nzima dukani, ingawa kwangu, kwa data ya majaribio, kulikwisha kufumba na kufumbua. Windows huvumilia sekunde 5 tu. Dirisha lisipopokea ujumbe wa mfumo, kama vile mibofyo, kwa muda huo, hutangazwa kwamba haliitikii. Karani, ambaye simlaumu, aliifunga programu kwa nguvu, na hesabu zikabaki nusu. (Naam, zilipaswa kuwa ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani zihifadhiwe zote au isihifadhiwe hata moja, hiyo ni aibu ya siku nyingine.)

Nikaweka gurudumu, likaganda. Nikaingiza Application.DoEvents, amri ya kuiruhusu programu ishughulikie ujumbe unaosubiri, katikati ya kitanzi, yaani mistari inayorudiwarudiwa, likazunguka kwa kushtukashtuka, nami nikajiona fundi. Sikujua kwamba amri hiyo hupitisha pia mibofyo ya mtumiaji: karani alibofya tena, kazi ikaanza upya ndani ya kazi, na ankara zikajirudia. Mwenye duka hakunigombeza. Alinilipa kilichobaki akatafuta mtu mwingine, na mpaka leo nikifika mtaa ule mimi huvuka barabara nisikutane naye.

Programu hufanya kazi zake kwa nyuzi, yaani mifuatano ya amri inayoweza kwenda sambamba, na uzi mkuu ndio unaochora dirisha, unaopokea mibofyo na unaosogeza picha. Ukiutwisha hesabu, unakuwa kama muuzaji aliyeingia stoo kuhesabu mifuko ya saruji huku wateja wakibisha hodi: yuko hai, ila kaunta haina mtu. Kwa hiyo kazi nzito ipelekwe uzi mwingine kwa Task.Run, ukiisubiri kwa await, neno linalosubiri bila kuuzuia uzi mkuu, lililoletwa na C# 5 mwaka 2012. Programu za zamani zaidi zina BackgroundWorker kwa kazi hiyohiyo. Zima kitufe cha kuanzisha kazi kabla ya kuanza, na dirisha la kusubiri ulifunge ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata hitilafu ikitokea, la sivyo hitilafu ikitokea litazunguka mpaka umeme ukatike. Maandishi ya dirishani yasiguswe na uzi wa pili. Yapitishe kwa Progress, chombo kinachopeleka taarifa kwa uzi mkuu. Na kama idadi inajulikana, andika kwamba ankara 340 kati ya 1,200 zimekwisha, kwa maana anayesubiri anataka kujua kilichobaki, na gurudumu pekee halimwambii. Vijana wenzangu, acheni kupamba dirisha kabla ya kuuweka huru uzi mkuu!

Jana msomaji yule aliandika tena. Gurudumu linazunguka, na sasa anauliza lipakwe rangi gani. Bado sijamjibu.