Kwa makondakta wapya: mlango wa gari una mwenyewe

Nawaandikia ninyi mnaoanza ukondakta jijini Nairobi kwa sababu nimekuwa nikiwatazama stejini saa za jioni, na naona mnarudia makosa yale yale ya wakati wetu. Mnapiga debe kwa ufundi na hesabu ya tajiri mwenye gari haiwapotei, lakini gari likianza kujaa, macho yenu yote yako kwenye nauli, na mlango unabaki bila mwenyewe. Nawapenda, na ndiyo maana jambo hili linaniudhi.

1. Mwizi wa matatu hufanya kazi mlangoni. Mmoja husimama kwenye ngazi akijifanya anashuka, mwenzake husukuma kutoka nyuma kana kwamba ana haraka, na abiria aliyebanwa katikati hukosa hata mkono wa kushika mfuko wake. Wa tatu hupokea simu na kupotelea katika umati wa barabara ya Tom Mboya kabla gari halijaondoka. Hawa hawasafiri, kwa hiyo ukimwona mtu akipanda na kushuka gari baada ya gari bila kwenda popote, umekwisha kumjua. Simama wewe kwenye ngazi, panga foleni, wala asipande yeyote kabla wa mbele yake hajaingia ndani.

2. Usimnyamazie mwizi unayemjua. Nilikuwa mgeni katika njia ya Githurai, kabla barabara ya Thika haijapanuliwa, na wanaume wawili waliozoea kubana mlango walikuwa wakinisalimia kwa jina. Sikugawana nao hata shilingi, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba hilo linanitoa lawamani. Jioni moja walimbana dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Nilimwona mmoja wao akifunika mkono wake kwa koti, nikageuka nikaendelea kuita abiria, kwa kuwa niliogopa kukutana nao tena alfajiri. Tulipopita Pangani nilianza kukusanya nauli. Yule dada alijipapasa kila mahali, akafungua leso ya mtoto, akasema kwa sauti ya chini kwamba pesa zilikuwa hapo. Mimi nilijua kuliko mtu yeyote ndani ya gari kwamba anasema kweli. Hata hivyo, kwa kuwa tajiri alitaka hesabu kamili na abiria wengine walikuwa wakinitazama, nilimwambia ashuke, nikagonga bodi, dereva akasimama Allsops gizani, naye akashuka na mtoto wake bila kunijibu neno. Ningependa angenitukana. Wezi wale hawakunituma wala hawakunilipa, lakini yule mama, akiwa pale kando ya barabara na mtoto, angewezaje kunitenga nao?

Aliyeibiwa ndani ya gari lako hashushwi njiani. Mfikishe aendako, mwandikie nambari ya gari na saa ya safari, na umhimize akaandikishe taarifa kwenye OB, kitabu cha matukio, katika kituo cha polisi. Ukiitwa kuwa shahidi, nenda.

3. Kwenye jamu ya Globe au karibu na Muthurwa, waambie walio dirishani wafunge vioo na waweke simu mbali, kwa sauti inayofika kiti cha nyuma.

4. Abiria akifika mwisho wa safari na haamki, usimchukulie kuwa mlevi ukamlaza kwenye benchi la stejini. Huenda amepewa pipi au kinywaji chenye dawa ya kulevya, na mahali anapohitaji kupelekwa ni hospitali.

5. Mwanamke akisema anashikwashikwa, mwamini kwanza, umhamishe kiti, umtoe anayemsumbua. Mwaka 2014 abiria mmoja alivuliwa nguo na kuibiwa ndani ya basi huko Githurai, na mwaka 2017 mahakama ya Nairobi iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa wizi wa kutumia nguvu. Dereva na kondakta wa basi lile walikuwa miongoni mwao. Kila mara ninapowasikia mkicheka abiria anapolalamikia mikono ya jirani yake, nafikiria kwamba dada yule wa mwaka 2014 alipanda gari ambalo wahudumu wake ndio waliopaswa kumlinda. Nambari 1195 hupokea taarifa za dhuluma za kijinsia. Ibandikeni mahali ambapo abiria ataiona akiwa ameketi.

6. Usimwachie mtu usiyemfahamu sare na beji yako eti akushikie skwodi, yaani akufanyie kazi kwa muda. Kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitudai sare na beji ili abiria ajue anampa nani pesa zake, na aweze kumtambua mtu huyo baadaye panapotokea shida.

7. Kuhusu kukatisha safari usiku, hapa ndipo ninapokosa subira kabisa. Mmelipwa nauli ya mpaka mwisho, gari limebaki na abiria wachache, dereva anataka kugeuza awahi kundi jingine mjini, nanyi mnawaambia watu washuke popote. Mkatalie dereva. Ikiwa gari limeharibika kweli, simamisha jingine la njia hiyo penye taa, ulipe nauli yao kwa kondakta mwenzako mbele yao, na usiondoke kabla wa mwisho hajapanda.