Kabla ya kemo, uliza bloku iko wapi

Wacha nianze na ile kitu muhimu kabla hamjachoka kusoma. Mtu wako akitolewa uvimbe ama kinyama cha kupima, kuna kipande cha nta kinabaki maabara, kinaitwa bloku, na hicho kipande kina maana kuliko zile karatasi zote mnazunguka nazo kwa bahasha ya kaki. Mimi nilikuja kujua hivyo miezi mitano baadaye.

Mama yangu anauza mitumba soko la Kibuye, Kisumu. Kwa miaka miwili tuliambiwa ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za asidi mpaka kijana wa duka la dawa hapo Kondele akiniona tu anatoa bila kuuliza, lakini mama anazidi kuwa mweupe viganja, akipanda ngazi anahema, choo cheusi kama lami na yeye ametuficha. Siku alianguka ndio akaongezwa damu, wakamwingiza kamera, wakapata uvimbe kwa ukuta wa tumbo, akapasuliwa. Ripoti ikasema kansa ya misuli laini na tukaambiwa tujipange na kemo.

Tulikuwa tayari tumeanza kuchangisha. Bahati tukaonana na daktari mwingine wa kansa, mama mmoja mpole, akasoma ripoti mara mbili halafu akaniuliza, "Dada, bloku iko wapi?" Nikamwambia daktari, mimi sijui bloku, mimi nina hii karatasi.

Basi akanieleza. Nyama ikitolewa inalowekwa kwa fomalini, ile dawa ya kuihifadhi isioze, halafu inakaushwa maji na kuzamishwa kwa nta mpaka inakuwa kama kitofali kidogo. Kwa hicho wanakata vipande vyembamba kuliko karatasi, wanapaka rangi, wanaangalia kwa hadubini. Shida ni kwamba kuna kansa moja nadra inaitwa GIST ambayo kwa macho inafanana sana na ya misuli, lazima utumie rangi spesheli, CD117 na DOG1, ndio ijitokeze, na hizo zetu hazikuwa zimefanywa. Baada ya hapo ndio wanasoma jeni. Mwaka wa 1998 wanasayansi wa Japani ndio waligundua kwamba GIST nyingi zinatokana na jeni inaitwa KIT kuharibika, ni kama swichi imekwama, seli inaambiwa zaliana, zaliana, na hakuna wa kuizima. Sasa hapo ndio nilishtuka, kwa sababu alisema kemo ya kawaida hii kitu karibu haiisikii kabisa. Kuna vidonge, imatinib, Marekani waliviruhusu kwa GIST mwaka wa 2002, unameza ukiwa kwako nyumbani. Lakini hata hivyo vidonge vinategemea jeni imeharibika wapi: ikiwa eksoni ya 11 (eksoni ni sehemu ya jeni) dawa inashika vizuri na miligramu 400, eksoni ya 9 wengine huhitaji 800, na kuna hitilafu moja ya jeni nyingine, PDGFRA, inaandikwa D842V, hiyo imatinib haiiwezi. Umeona? Bila kupima unaweza kunywa dawa ghali bure.

Haya, kutafuta bloku. Nilienda kule alipopasuliwa mara tatu. Ya kwanza mwenye funguo za stoo yuko likizo, ya pili hakuna stima, ya tatu jamaa akafungua rejista, akanipea kitu imefungwa kwa karatasi nikaweka saini. Nimefika kwa geti nikasema wacha nilinganishe namba iliyoandikwa kwa penseli pale ubavuni. Ripoti yangu inaishia na 1, hii inaishia na 7. Wueh! Ningepeleka kansa ya mtu mwingine ipimwe. Nikarudi mbio. Kwa hivyo nasema, somea namba moja moja pale pale dirishani, usione haya hata foleni ikinung'unika.

Kusafirisha si ngumu. Haitaki barafu, inataka tu isipate joto kali maana nta itayeyuka, usiiache kwa dashibodi ya gari jua la Kisumu likiwaka. Yangu niliweka kwa kikontena cha chakula, nikaipakata mapajani mpaka Nairobi, kondakta alitaka begi iende kwa buti nikakataa, nadhani alifikiri nimebeba pesa. Maabara ya huko wakaituma India, tukangoja wiki tano.

Kama bado hamjapasuliwa muko na nafasi nzuri zaidi. Uliza mapema kama fomalini iko, iwe nyingi, karibu mara kumi ya hiyo nyama, na mkipewa chupa mpeleke wenyewe pelekeni siku hiyo hiyo, msipitie nyumbani, na msiweke friza tafadhali. Uliza bei ya kupima iandikwe. Waambie watu wa maabara pia wasimalize bloku yote, irudishwe inayobaki.

Na familia mtawaeleza, kwa sababu shangazi zangu walisikia jeni wakaanza kuangaliana, ati hii ni ya ukoo wa nani. Kwa GIST mara nyingi hayo mabadiliko yako ndani ya uvimbe tu, si kitu mama alirithi ama ametupatia.

Majibu yalisema eksoni ya 11. Mama anameza kidonge chake baada ya chakula cha mchana na glasi kubwa ya maji, daktari amesema miaka 3. Ameshika uzito, amerudi Kibuye. Kitu moja tu, hizo dawa humvimbisha macho asubuhi, wateja wanamuuliza mama nani amekuliza, anawaambia ni bei ya bale.