Mikono Inayotetemeka na Nyusi Zenye Magamba: Jibu kwa Dada wa Sengerema

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Sengerema anayemuuguza mama yake mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kupunguza wepesi wa mwili. Aliuliza kwa nini uso wa mama unang'aa mafuta na nyusi zinatoa magamba ilhali anaogeshwa kila siku, na kama ni haki majirani kusema kwamba hatunzwi. Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi hapa Kirumba, tena na ndugu wa damu.

Baba yangu, naye mwenye Parkinson, alikuwa fundi wa mitumbwi. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka akiwa amepumzika, kisha kutulia anaposhika randa, watu walisema ni pombe. Uso ulipopoteza uchangamfu walisema ana kinyongo, na ngozi ilipoanza kubanduka kando ya pua na nyuma ya masikio, wakaongeza uchafu. Daktari wa kutetemeka alitazama mikono na mwendo tu; wa ngozi hakuuliza kwa nini mzee anaburuta miguu. Muuza dawa mmoja, bila kuuliza lolote, alituuzia tyubu ya dawa mseto yenye steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza wekundu na mwasho, ambayo ilisafisha uso kwa muda mfupi kisha magamba yakarudi na wekundu juu yake. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo nafsi yangu haitulii.

Wenye Parkinson hupata mba wa uso na kichwa mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa rika moja. Ugonjwa huo hauishii kwenye viungo. Huvuruga pia neva zinazoendesha kazi za mwili tusizoziamuru wenyewe, na ngozi ya wagonjwa wengi hutoa mafuta kupita kiasi. Mafuta hayo ndiyo chakula cha fangasi wa jamii ya Malassezia, wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu, msafi kwa mchafu. Kwa hiyo, dada yangu, sabuni zaidi siyo jibu, na majirani wako hawana haki hata kidogo.

Mafuta hayo yamewashughulisha wanasayansi pia. Joy Milne, muuguzi mstaafu wa Scotland, alinusa badiliko la harufu kwa mumewe miaka mingi kabla madaktari hawajaugundua ugonjwa, na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba baadhi ya kemikali katika mafuta ya ngozi ya wagonjwa hutofautiana kwa kiwango na za watu wasio nao. Hapa kwetu, uchunguzi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, uliwakuta wagonjwa 33 katika watu zaidi ya 160,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Wanaocheka wazee wetu vijiweni wangeanza kwa kusoma hilo.

Kilichomfaa baba ni shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, ya asilimia 2, aliyoandikiwa na mtaalamu wa ngozi baada ya mimi kusimulia habari zote mbili, za mikono na za ngozi, kwa pamoja. Nasema hili kwa fahari, kwa sababu hakuna aliyenituma. Humketisha uani kwenye kiti chenye mikono, kichwa kikiwa kimeegemea nyuma, kwani akiinama hupoteza mizani. Povu hulipitisha kwa ncha za vidole ndani ya nyusi, kwenye mikunjo ya pua na nyuma ya masikio, nikilikinga lisiingie machoni, maana anapepesa kope kwa nadra. Linakaa dakika tano, na hapo ndipo wengi hukosea, wanaosha mara moja kama sabuni ya kawaida. Tulifanya hivyo mara mbili kwa wiki kama ilivyoandikwa, na hata baada ya uso kusafika hatukuacha kabisa, kwa kuwa fangasi hawa hupungua lakini hawaishi.

Usikubali vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya mba. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilichukua hatua dhidi ya vidonge hivyo kwa sababu ya madhara ya ini, ilhali ya kupaka huingia kidogo mno mwilini. Usimwamini pia anayekuahidi kwamba kuua fangasi kutaondoa kutetemeka. Wala usimwachishe mama levodopa, dawa ya Parkinson yenyewe, ukidhani ndiyo inayoleta mafuta. Tafiti za zamani zilionyesha kwamba kwa wagonjwa wa Parkinson huelekea kuyapunguza. Mwuguzaji asiyesoma humtesa mgonjwa kwa mapenzi yake mwenyewe.

Siku ya kliniki, kabla ya kupanda kivuko, usimpake mama chochote usoni, ili daktari aone magamba yalivyo. Beba vidonge vyake vyote pamoja na tyubu zilizokwisha, na mkifika kwa daktari wa ngozi, anza kwa kumweleza habari za mikono.