Tumbo Tupu Ndilo Lililonitapisha

Katika mimba yangu ya kwanza niliambiwa nisile asubuhi. "Ukila tu utatapika, bora ukae hivyo hivyo mpaka kichefuchefu kitulie." Nikatii. Kila siku nilikaa bila kitu tumboni hadi saa nne, saa tano, na kila siku nilitapika vilevile, ila badala ya chakula ilitoka nyongo: maji ya njano, machungu, yanayounguza koo. Kufika wiki ya 10 nilikuwa nimelazwa, dripu mkononi. Mkunga wa zamu ya usiku alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, kichefuchefu kinakuanza ukiwa umeshiba au ukiwa na njaa?"

Nikafikiri. Ilikuwa njaa. Karibu kila mara ilikuwa njaa.

Mimba ya pili kichefuchefu kilirudi wiki ya 6, kama kilivyokuja mara ya kwanza. Safari hii nilikula kabla hakijanikuta. Sisemi kwamba kiliisha. Zipo siku nilitapika mara tatu. Lakini sikulazwa.

Kabla ya chakula, neno moja kwako unayeambiwa unadeka. Wajawazito wengi mno hupata kichefuchefu, takribani 7 katika kila 10. Kwa kawaida huanza wiki ya 6 hivi, hukolea karibu na wiki ya 9, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 14 na ya 20. Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti unaoonyesha kwamba homoni moja iitwayo GDF15, inayotoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma, ina mkono mkubwa katika hali hii, na kwamba wanaoumwa zaidi ni wale ambao miili yao haikuizoea kabla ya mimba. Kwa hiyo anayekuambia ni mawazo yako amekosea.

Sasa biskuti. Usiku, kabla sijalala, niliweka biskuti kavu mbili zisizo na krimu kwenye kisahani karibu na mto. Nikishtuka alfajiri siinuki. Nalala kwa ubavu vilevile, navunja kipande kidogo kama ukucha, nakiacha kilainike mdomoni, namumunya, nameza. Kisha kingine. Biskuti moja inaweza kuchukua dakika kumi. Baada ya hapo natulia kama dakika ishirini, ndipo naketi, miguu chini, nasubiri tena kidogo, ndipo nasimama. Mkate mkavu uliochomwa unafaa pia. Wengi hukosea kwa kuinuka kwanza ili wakatafute cha kula. Ukishasimama na njaa, umechelewa. Na kama aliyelala kando yako anaweza kukuletea, mwombe bila aibu.

Mchana nilikula kidogo kila baada ya saa mbili, nisikie njaa nisisikie. Kidogo maana yake konzi moja: ndizi nusu, kiazi kimoja, vijiko vinne vya wali. Milo mitatu mikubwa niliiacha kabisa. Kitu nilichochelewa kujua ni kwamba wanga peke yake haukai. Nikila mkate mtupu, baada ya saa moja mate yanaanza kujaa mdomoni. Nikiongeza yai la kuchemsha, karanga kidogo au mtindi, nafika saa mbili nikiwa mtulivu. Hata usiku nilikula kitu chenye protini kabla ya kulala, na asubuhi zake zilikuwa afadhali.

Harufu ndiyo iliyonishinda zaidi ya ladha. Kitunguu kikigusa mafuta ya moto tu, nilikuwa nakimbilia nje. Chakula cha moto hutoa mvuke, na mvuke ndio unaobeba harufu mpaka puani, kwa hiyo nikaanza kula vilivyopoa. Kiazi kilekile kilichonitapisha kikitoka moto kwenye sufuria, nilikila vizuri kikiwa baridi, na chumvi kidogo juu. Ila kilichopoa si kilicholala nje. Kipoe, kifunikwe, kiingie kwenye friji au kiliwe muda mfupi baadaye, maana chakula kilichoharibika ni hatari zaidi kwa mjamzito. Kama kuna mtu wa kukupikia, apike wewe ukiwa mbali na jiko, madirisha wazi. Mafuta mengi na viungo vikali viache kwa sasa.

Tangawizi imenisaidia kweli. Nilikata vipande vyembamba, nikaviloweka kwenye maji ya moto, nikasubiri yapoe, nikanywa kwa funda dogo dogo. Ukipenda unga wake, kiasi kilichotumika katika tafiti nyingi ni kama gramu 1 kwa siku, na hakuna sababu ya kuzidisha. Ikizidi huleta kiungulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Limau nililinusa zaidi ya kulinywa: nilikwaruza ganda kwa ukucha, nikalishika karibu na pua.

Maji yalinipa taabu kuliko chakula. Glasi nzima ilirudi yote. Nikatenganisha: nikila sinywi, nasubiri nusu saa hivi, ndipo nakunywa kidogo. Siku mbaya nilimumunya vipande vya barafu. Ukiwa umetapika sana, maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza yanafaa kuliko maji matupu, kwa sababu yanarudisha chumvi iliyopotea. Na ukishatapika, sukutua kwa maji tu. Mswaki subiri kama nusu saa, kwa kuwa asidi imelainisha meno.

Vidonge vya madini ya chuma vinaweza kuchochea kichefuchefu. Usiviache kimyakimya. Waambie kliniki, mimi nilishauriwa nivimeze usiku pamoja na chakula, na nafuu niliiona wiki ileile. Foliki asidi usiikatishe. Vilevile uliza kuhusu vitamini B6, ambayo wahudumu wengi huanza nayo chakula kikishindwa, na zipo dawa za kichefuchefu ambazo mjamzito anaweza kutumia kwa usalama akiandikiwa.

Chakula kina mpaka wake. Mara ya kwanza nilipokwenda kulalamika niliambiwa mimba si ugonjwa, nikarudishwa nyumbani. Siku nne baadaye ndipo nikalazwa. Hadi leo hilo linaniuma, na ndilo lililonisukuma kuandika haya. Nilikosea kusema "natapika sana", maneno ambayo kila mjamzito husema. Mpe mhudumu vitu anavyoweza kuvipima: hakuna chakula wala maji yaliyokaa tumboni tangu jana saa hizi, sijakojoa kwa saa 8, mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, nikisimama naona giza, nilikuwa na kilo 60, sasa nina 57. Kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito uliokuwa nao kabla ya mimba ni dalili ya hali kali inayohitaji matibabu. Damu kwenye matapishi, homa au maumivu makali ya tumbo, nenda siku hiyohiyo, usingoje kliniki yako ya mwezi. Yaandike kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, maana ukifika pale umechoka utasahau nusu, na umpe anayekusindikiza aisome kama wewe huwezi kusema.